Shule Inapogeuka Kambi: Mwongozo wa Afya ya Mazingira Baada ya Mafuriko

Mvua inapobomoa nyumba usiku, watu hukimbilia jengo la kwanza lenye paa imara na geti lililo wazi, na mara nyingi jengo hilo ni shule. Ndivyo ilivyokuwa Dar es Salaam mwezi Desemba 2011, ambapo waathirika wa mabondeni walilala madarasani kabla ya kuhamishiwa Mabwepande, na ndivyo ilivyokuwa wilayani Hanang baada ya tope na mawe ya mlimani kuufunika mji wa Katesh na vijiji vya jirani tarehe 3 Desemba 2023. Nchini Kenya, mafuriko ya mwaka 2024 yaliilazimu serikali kuahirisha ufunguzi wa shule kutoka tarehe 29 Aprili hadi tarehe 13 Mei, kwa kuwa baadhi ya shule zilikuwa zimeharibika na nyingine zimejaa watu wasio na pa kwenda.

Mwongozo huu unamlenga afisa afya wa kata, mtendaji, mwalimu mkuu na mhudumu wa afya ya jamii ambao asubuhi moja wanajikuta na mamia ya watu katika uwanja wa shule, huku msaada kutoka wilayani ukiwa bado njiani. Ili hesabu zieleweke, tutatumia mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, yaani shule yenye watu 600. Viwango vinavyotajwa vinatokana kwa sehemu kubwa na viwango vya Sphere, vilivyoanza kuandaliwa mwaka 1997 na mashirika ya misaada pamoja na Msalaba Mwekundu. Viwango hivyo havifikiwi siku ya kwanza, lakini bila kuvijua huwezi kusema kwa hakika kilichopungua ni nini na kwa kiasi gani.

Hatua ya kwanza: hesabu watu, kisha pima vyumba

Kabla ya yote, hakikisha kwamba shule yenyewe haipo kwenye njia ya maji. Waulize wazee wa eneo hilo maji ya El Niño ya mwaka 1997 na 1998 yalifika wapi, kwa maana kumbukumbu zao mara nyingi ni sahihi kuliko ramani iliyopo ofisini. Tazama nyufa za kuta, funga maabara na stoo ya kemikali, na uangalie kama boza la maji na gari la majitaka vinaweza kuingia na kutoka bila kukwama kwenye matope.

Baada ya hapo hesabu watu kwa kaya, ukiandika wanawake, wanaume, watoto chini ya miaka mitano, wajawazito, wazee na wenye ulemavu. Usikubali makadirio ya jumla, kwani ndoo, vyoo na sabuni vyote vitagawanywa kwa namba hii, na kosa dogo hapa litakufuata kila mahali. Hesabu irudiwe kila jioni, kwa sababu kambi hupumua: mchana wanaume huenda kutazama mabaki ya nyumba na mashamba, usiku hurudi pamoja na ndugu waliokuwa wamejihifadhi kwa majirani.

Kiwango cha nafasi ni mita za mraba 3.5 kwa kila mtu mahali pa kulala. Darasa lenye urefu wa mita 9 na upana wa mita 7 lina mita za mraba 63, kwa hiyo linatosha watu 18. Atakayesoma namba hiyo akiwa ameshalaza watu hamsini katika chumba kimoja ataicheka, na ni kweli kwamba usiku wa kwanza hakuna wa kumfukuza mwenzake mvuani. Hata hivyo, namba hiyo ndiyo itakayokusaidia kuomba mahema au shule ya pili mapema. Kwa watu 600 unahitaji madarasa 34 ya ukubwa huo, na shule nyingi za kata hazina hata nusu yake. Wakati unasubiri, watu walale kwa kupishana kichwa na miguu, familia moja isitenganishwe, na chumba kimoja kidogo chenye madirisha makubwa kiachwe wazi kwa ajili ya wagonjwa.

Mifugo nayo ina haki ya kufikiriwa. Mfugaji aliyeokoa mbuzi wake watano hatawaacha nje ya geti, na ukimlazimisha atalala nao huko huko bondeni. Watengee eneo lao upande wa chini wa uwanja, mbali na maji na jiko, na kinyesi chao kizolewe kila siku.

Hatua ya pili: maji

Kila mtu anahitaji lita 15 kwa siku za kunywa, kupikia na kuoga. Katika siku za mwanzo kabisa mtu anaweza kujisogeza kwa nusu ya hapo, lakini si kwa muda mrefu, kwani maji yakiwa machache kinachoachwa kwanza ni kunawa mikono. Kwa watu 600 hiyo ni lita 9,000, yaani karibu boza moja la lita 10,000 kila siku, likipakuliwa kwenye matangi yaliyoinuliwa juu ya jukwaa la mifuko ya mchanga ili maji yashuke kwa uzito wake. Bomba moja linahudumia watu 250, kwa hiyo weka mabomba matatu, na kama foleni inazidi nusu saa ongeza la nne bila kusubiri kikao.

Kisima kilichofunikwa na mafuriko kisitumike kwa kunywa kabla ya kusafishwa, hata kama maji yake yanaonekana meupe. Maji ya mto au ya bwawa yakiwa na tope yatulizwe kwanza kwa shabu, kwa maana klorini inayotiwa kwenye maji ya tope huliwa na tope lenyewe na vijidudu hubaki. Yaliyotulia yahamishiwe tangi jingine, tope likibaki chini.

Kipimo cha klorini hakipatikani kwa kukisia. Tengeneza kwanza maji ya klorini ya asilimia 1 kwa kuyeyusha gramu 15 za unga wa klorini wa asilimia 70, ule unaoitwa HTH, katika lita moja ya maji. Chukua ndoo nne za lita 20 zenye maji yale yale mnayotaka kutibu, kisha kwa bomba la sindano weka mililita 1 katika ndoo ya kwanza, 2 katika ya pili, 4 katika ya tatu na 6 katika ya nne. Koroga, funika, na usubiri dakika 30. Pima kila ndoo kwa kipima klorini cha vidonge vya DPD, ambavyo huyageuza maji kuwa ya rangi ya waridi kadiri klorini inavyozidi. Ndoo iliyobakiwa na takriban miligramu 0.5 kwa lita ndiyo inayokupa kipimo. Ikiwa ni ile ya mililita 4, tangi la lita 10,000 litahitaji lita 2 za maji hayo ya klorini, au gramu 29 za unga wa HTH ulioyeyushwa kwanza kwenye ndoo. Rudia jaribio hili kila chanzo kinapobadilika na kila mvua kubwa inaponyesha.

Hapa ndipo wengi hukoma, na hapa ndipo maji safi huchafuka. Maji yaliyotoka bombani yakiwa salama huingia katika dumu lenye utando wa kijani, hufunikwa kwa gunia, na huchotwa kwa kikombe kilichoshikwa na mkono wa mtoto. Kwa hiyo usipime bombani tu. Ingia darasani, omba ruhusa kwa mama mwenye kaya, na upime maji ya dumu lake. Klorini ikiwa chini ya miligramu 0.2 kwa lita, tatizo liko kwenye chombo au kwenye muda wa kuhifadhi, na kulaumu boza hakutasaidia. Kila kaya ipate vyombo viwili, kimoja cha kuchotea na kingine cha kuhifadhi chenye mdomo mwembamba au ndoo ya koki. Madumu yasafishwe kila wiki kwa sabuni na changarawe, na kazi hiyo vijana wa kambi huifanya vizuri wakipewa siku maalumu na redio.

Kaya ambazo maji ya tangi hayajazifikia zipewe vidonge vya kutibu maji. Kabla ya kugawa, soma kwenye pakiti kidonge kimoja ni cha lita ngapi, kwa kuwa vipo vya ukubwa tofauti na makosa hutokea pale misaada ya wafadhili wawili inapochanganywa kwenye boksi moja.

Hatua ya tatu: vyoo

Mwezi Julai 1994 mamia ya maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda waliingia Goma, mashariki mwa Kongo, ndani ya siku chache. Ardhi ya pale ni mwamba wa lava, vyoo havikuchimbika, na maji ya Ziwa Kivu yalinywewa bila kutibiwa. Katika mwezi wa kwanza walifariki karibu watu 50,000, wengi wao kwa kipindupindu na kuhara damu, yaani maradhi yanayozuilika. Kambi yako ni ndogo kuliko ile, lakini njia ya ugonjwa kutoka kwenye kinyesi hadi kinywani ni ile ile, na swali la kwanza la kujiuliza mbele ya ardhi yoyote ni kama inachimbika.

Kiwango cha dharura ni tundu moja kwa watu 50, na mambo yakitulia tundu moja kwa watu 20. Watu 600 wanahitaji matundu 12 katika siku za mwanzo na 30 baadaye, na katika hayo 30 yapata 22 yawe ya wanawake, kwa uwiano wa matatu kwa moja. Usidanganyike na vyoo vya shule vilivyopo. Mwongozo wa shule nchini Tanzania hukadiria tundu moja kwa wasichana 20 au wavulana 25, lakini hao ni watoto wanaokaa shuleni mchana, siku tano kwa wiki. Vyoo hivyo hivyo vikitumiwa na watu wazima usiku na mchana, shimo hujaa kwa kasi ambayo mwalimu mkuu hakuitarajia. Pima kina kilichobaki kwa mti mrefu siku ya kwanza, andika, na upime tena kila wiki.

Vyoo vipya vichimbwe umbali usiozidi mita 50 kutoka mahali pa kulala, na angalau mita 30 kutoka kwenye kisima, chini ya kisima hicho kwa mwelekeo wa mteremko. Kitako cha shimo kiwe angalau mita 1.5 juu ya maji ya ardhini. Katika bonde la Rufiji na maeneo mengine ya delta sharti hilo haliwezekani kwa kuchimba, kwa hiyo choo hujengwa juu: sakafu huinuliwa kwa mifuko ya mchanga, na chini yake huwekwa tangi la plastiki linalonyonywa na gari la majitaka. Palipo na mwamba, fanya vivyo hivyo.

Choo kisicho na mlango wenye komeo la ndani ni choo cha wanaume tu, hata ukiandika nini ukutani. Wanawake watajizuia mpaka usiku, kisha wataenda vichakani, na huko kuna hatari nyingine kubwa kuliko kuhara. Weka vyoo vyao upande wa pili, pasipo njia ya wapita njia wengine, na uweke taa. Ndani ya bafu lao kuwe na pipa lenye kifuniko kwa ajili ya pedi, na nje kuwe na kamba ya kuanikia vitambaa iliyokingwa isionekane. Waulize wao wenyewe kabla ya kujenga, na anayeuliza awe mwanamke. Tundu mojawapo liwe na kiti na ngazi pana kwa ajili ya wazee na wenye ulemavu, na kwa watoto wadogo gawa poti, kwa sababu mtoto wa miaka mitatu huogopa shimo na atajisaidia nyuma ya darasa.

Kando ya kila kundi la vyoo pawe na kibuyu chirizi, yaani dumu dogo la kunawia linaloinamishwa kwa kamba ya kukanyaga, au ndoo ya koki na sabuni iliyofungwa kwa kamba. Kila mtu anahitaji gramu 450 za sabuni kwa mwezi kwa kuoga na kufulia, hivyo kambi yetu ya mfano itatumia kilo 270, na kiasi hicho kiandikwe kwenye ombi la kwanza linalopelekwa wilayani badala ya kusubiri ombi la tatu.

Wasafishaji walipwe, hata kama ni kidogo, na wapewe buti na glavu. Kazi ya choo ikiachiwa kujitolea hudumu siku nne. Sakafu na vishikio vioshwe kila siku kwa sabuni, kisha kwa klorini ya asilimia 0.5, ambayo ni gramu 7 za HTH kwa lita moja ya maji, au kikombe kimoja cha JIK ya asilimia 3.5 kwa vikombe sita vya maji. Klorini isimwagwe ndani ya shimo, na isichanganywe kamwe na dawa ya choo yenye tindikali, kwani mchanganyiko huo hutoa gesi inayodhuru mapafu. Ili kupunguza nzi na harufu shimoni, jivu linatosha.

Hatua ya nne: jiko, chakula na hewa ya ndani

Mahindi na unga vilivyoloa kwenye mafuriko vitupwe, ingawa hili ni gumu kumwambia mtu ambaye gunia hilo ndilo pekee lililobaki. Nafaka iliyoloa huota ukungu, na sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu huo, haiondoki kwa kupika wala kwa kuanika. Mweleze mwenyewe kwa upole, umpe mbadala siku hiyo hiyo, na utupaji ufanyike mbele ya viongozi ili isionekane kwamba chakula chake kimechukuliwa.

Chakula kilichopikwa na wasamaria wema hufika kwa wingi siku za mwanzo, pilau zikiwa kwenye masinia yaliyosafiri tangu asubuhi. Kilichokaa zaidi ya saa mbili bila moto kisigawiwe. Ni heri uwaombe walete mchele, kuni na masufuria, upishi ufanyike pale pale chini ya banda moja, na kila mpishi anawe mikono kwa sabuni kabla ya kuanza.

Katika nyanda za baridi kama Hanang watu huziba madirisha kwa mifuko na kuingiza jiko la mkaa darasani ili wapate joto. Kataza jambo hilo bila mjadala, kwa sababu kaboni monoksidi haina harufu na humuua mtu akiwa usingizini. Lakini amri bila blanketi ni maneno matupu. Gawa mablanketi na mikeka kwanza, ndipo ukague.

Hatua ya tano: taka, maji machafu na wadudu

Pipa moja la lita 100 kwa kila kaya 40 linatosha, mradi limwagwe kila siku kwenye shimo lililozungushiwa uzio na kufukiwa kwa udongo. Marundo ya mitumba iliyotolewa kwa moyo mwema bila kuchaguliwa nayo hugeuka taka baada ya mvua moja, kwa hiyo pokea nguo ndani ya jengo, zichambuliwe, na zilizochakaa zisifike uwanjani.

Chini ya kila bomba na bafu chimba shimo la kunyonya maji lililojazwa mawe. Madimbwi yaliyobaki yafukiwe au yapigwe mfereji kila wiki, kabla mayai ya mbu hayajakomaa. Ongezeko la malaria huja wiki kadhaa baada ya mafuriko, wakati wageni mashuhuri wameshaondoka, na vyandarua huwa bado vimefungwa kwa kukosa pa kutundika. Kamba mbili zilizovutwa kutoka ukuta hadi ukuta juu ya safu za mikeka hutatua jambo hilo kwa gharama ndogo. Fyeka majani kuzunguka madarasa na uondoe marundo ya kuni ukutani, kwa maana nyoka nao wamefukuzwa na maji.

Hatua ya sita: daftari la magonjwa

Kila asubuhi mhudumu wa afya apite chumba kwa chumba akiuliza mambo matatu: nani ameharisha mara tatu au zaidi, nani ana homa na upele, nani anakohoa. Aandike umri na namba ya chumba, ili ionekane kama wagonjwa wanatoka upande mmoja au wanatumia tangi moja. Mtu mzima mmoja anayeharisha maji mengi kama ya mchele ni sababu tosha ya kumpigia Mganga Mkuu wa Wilaya saa hiyo hiyo, bila kungoja majibu ya maabara. Mgonjwa aanze kunywa maji ya ORS, yaani mchanganyiko wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini, mara moja, na pakiti zikikosekana, changanya vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa, katika lita moja ya maji salama. Kwa surua, omba chanjo ya watoto wa kuanzia miezi 6 hadi miaka 15 kabla mgonjwa wa kwanza hajaonekana, kwani katika darasa lililojaa surua huenea haraka kuliko gari la chanjo linavyosafiri.

Wengi huogopa kwamba miili ya waliofariki kwenye mafuriko italeta mlipuko wa ugonjwa. Hofu hiyo haina msingi mkubwa, isipokuwa marehemu aliugua kipindupindu au ugonjwa mwingine wa aina hiyo. Hakuna haja ya kuzika kwa haraka katika kaburi la pamoja. Mpeni kila marehemu muda wa kutambuliwa na ndugu zake.

Hatua ya saba: ukaguzi wa usiku

Kambi hukaguliwa mchana, lakini kasoro zake hujitokeza usiku. Angalau mara mbili kwa wiki, saa nne usiku, afisa mwanamume na afisa mwanamke watembee pamoja kutoka darasa la mwisho hadi vyooni kwa mwendo wa bibi kizee, wakiwa na tochi moja. Watazame kama taa bado inawaka, kama komeo limeng'olewa, kama sabuni ingalipo, kama kuna kinyesi kipya njiani, na ni wangapi wamelala barazani kwa sababu ndani hapana nafasi. Watakachokiona kirekebishwe kesho yake kabla ya saa sita mchana, na kiandikwe kwenye daftari lile lile la magonjwa, maana mara nyingi ukurasa wa leo wa vyoo ndio utakaoeleza ukurasa wa wiki ijayo wa kuhara.

Hatua ya nane: kufunga kambi

Watu hawarudi nyumbani mpaka kisima cha kwao kinyweke. Kwa hiyo kazi ya kufunga kambi huanzia kijijini. Toa maji yote yenye tope kisimani na ukwangue kuta zake, kisha acha maji mapya yajae na upime ujazo. Kisima cha duara chenye kipenyo cha mita 1 na kina cha maji cha mita 3 kina takriban lita 2,360. Kwa kipimo cha miligramu 50 kwa lita kinahitaji gramu 170 hivi za HTH, zilizoyeyushwa kwanza kwenye ndoo. Acha usiku kucha bila mtu kuchota, halafu toa maji mpaka harufu ya klorini iishe na kipimo kishuke hadi miligramu 0.5 au chini yake.

Shuleni, mashimo ya vyoo vya muda yafukiwe kwa udongo ulioshindiliwa na kuwekewa alama, ili mwaka ujao mtu asije akachimba msingi juu yake. Vyoo vya wanafunzi vinyonywe, madarasa yaoshwe kwa sabuni na klorini, madawati yaliyovunjwa kwa kuni yahesabiwe na kulipwa. Mwalimu mkuu atembezwe chumba kwa chumba na tundu kwa tundu kabla ya kutia sahihi ya kupokea shule yake, na asitie sahihi hiyo mpaka mabomba yatoke maji.